Tanga: saa ya jimu inasema nachoma kalori 612 kwa saa moja ya vyuma, miezi mitatu nimeongezeka kilo mbili na nusu

Wakuu, nimevumilia sana lakini jana nimefika mwisho. Naandika hasira ikiwa bado ya moto, mnisamehe nikiandika kwa ukali.

Nafanya mazoezi kwenye jimu moja hapa Ngamiani. Jina silitaji, wanaofanya pale wataijua kwa ubao wake. Ni ubao mweupe mlangoni, umeandikwa WACHOMAJI BORA WA WIKI, na chini yake majina na kalori. Anayeongoza mwisho wa mwezi halipi ada ya mwezi unaofuata, yaani 50,000 inabaki mfukoni mwake. Ili jina lako liandikwe lazima uvae saa janja, na saa wanakuuzia wao kwa 85,000. Nikanunua.

Saa moja ya vyuma, namba ikaja 612. Siku nyingine 580, siku nyingine 640. Kocha akaniambia, "Madam, ulizochoma una haki ya kuzirudisha mezani, la sivyo mwili utaishiwa nguvu." Nikamsikiliza, maana ndiye ninayemlipa anielekeze. Basi kila siku ya mazoezi, mara nne kwa wiki, nikawa naongeza chapati mbili jioni. Chapati moja nene ya mafuta inaweza kufika kalori 300, kwa hiyo mbili zinaingia kwenye 612 bila wasiwasi.

Nilianza na kilo 71. Leo nina 73.5. Kocha anasema ni misuli. Misuli gani hiyo inayokaa kiunoni? Nilikwenda kwa fundi wangu wa Barabara ya Nane kupimwa gauni la harusi ya mdogo wangu, akazungusha futi, akairudia tena, kisha akasema taratibu, "Dada, vile vipimo vya Idi tuviache, hapa naongeza inchi mbili."

Mimi ni mwalimu wa fizikia. Nafundisha watoto wa watu kazi na nishati kila muhula, na ndiyo maana jambo hili limeniuma kuliko fedha. Usiku ule nikakaa na kalamu.

Chukueni skwati peke yake, yaani kuchuchumaa na kuinuka na chuma. Chuma kilo 40 begani, na sehemu ya mwili wangu inayopanda na kushuka tuseme kilo 60. Jumla kilo 100, napanda nusu mita. Hiyo ni takriban jouli 490 kwa skwati moja (jouli ni kipimo cha nishati). Seti tano za nane nane ni skwati 40, jouli 19,600. Kilokalori moja, ambayo mtaani tunaiita kalori tu, ni jouli 4,184. Gawanyeni: haifiki hata 5. Sasa mwili si mashine kamili, nishati nyingi hupotea kama joto, kazi halisi ni kama robo au moja ya tano ya kilichotumika. Kwa hiyo zidisheni mara tano, mnapata 23 hivi. Ongezeni kushuka na chuma, kukaza tumbo, kuhema kati ya seti, hata mkizidisha tena mara mbili hamfiki 50. Saa iliandika 150 kwa skwati hizo!

Nikasema labda hesabu yangu ina kasoro, nikatafuta ya wengine. Kuna jedwali ambalo watafiti wanalitumia tangu 1993, linapanga shughuli za mwili kwa kipimo kinachoitwa MET. MET moja ni nishati ya mtu aliyekaa kimya, karibu kalori moja kwa kila kilo ya mwili kwa saa. Vyuma vya kawaida, seti za marudio 8 hadi 15, vimewekwa 3.5. Vyuma vya nguvu sana ni 6. Kwa kilo zangu 71, saa nzima ni kati ya 250 na 426. Na humo ndani kuna 71 ambazo ningezitumia hata kama ningekuwa nimekaa barazani nasuka ukili. Zilizotokana na mazoezi yenyewe ni kama 180, zikizidi sana 355. Mimi nilikuwa nakula kana kwamba ni 612.

Kwa nini saa inakosea kiasi hicho? Kwa sababu haipimi kalori. Inamulika mwanga wa kijani kwenye ngozi, inahesabu mapigo ya moyo, inaangalia mkono unavyotikisika, halafu inakisia. Ukikimbia Raskazone, mapigo yakipanda na oksijeni unayotumia inapanda, kukisia kuna maana. Kwenye vyuma sivyo. Ukibana pumzi chini ya chuma kizito, shinikizo la damu linapanda na moyo unadunda kwa kasi, lakini oksijeni haiongezeki kwa kiwango hicho. Saa inaona mapigo, inadhani unakimbia. Tena ukishika chuma kwa nguvu kifundo kinakaza, damu pale chini ya saa inapita vingine, hata mapigo yenyewe inayasoma vibaya.

Wenye kutaka kupima kweli humvisha mtu barakoa, wakapima hewa inayoingia na kutoka: kila lita ya oksijeni iliyotumika ni karibu kalori 5. Na bado kwenye vyuma inawasumbua, kwa sababu seti ya sekunde 30 misuli inatumia akiba yake kwanza, deni la oksijeni inalilipa baadaye ukiwa umepumzika.

Mwaka 2017 watu wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walijaribu saa janja za aina saba kwa watu 60. Kwenye mapigo ya moyo, sita kati ya hizo zilikosea chini ya asilimia 5. Kwenye kalori, iliyokuwa bora kuliko zote ilikosea kwa wastani asilimia 27, na ya mwisho asilimia 93. Na hapo ni kutembea, kukimbia na baiskeli, mambo ambayo saa inayaweza kidogo. Hawakuwekewa chuma begani.

Nilifanya na majaribio yangu. Nilivaa saa yangu kushoto, ya shoga yangu kulia, mazoezi yaleyale: 604 na 391. Siku umeme ulipokatika, mapangaboi yakasimama, mkijua joto la Tanga wakati wa kaskazi, nikapata 70 zaidi kwa vyuma vilevile na marudio yaleyale. Ni moyo tu ulikuwa unapambana na joto. Siku niliponyanyua vizito kweli, seti za marudio matano na kupumzika dakika tatu, siku iliyoniacha nikishuka ngazi kwa kushika ukuta, saa ikanipa 190.

Na hapo ndipo ubao unapoharibu watu. Kwa kuwa vizito na mapumziko havina malipo, watu wameacha vizito. Wanachukua dambeli ndogo, wanazirusha bila kupumzika, wanarukaruka kati ya seti, ilimradi moyo udunde. Shoga yangu huyo, nesi, mama wa watoto watatu, alikuwa wa pili kwenye ubao. Siku ya mwisho ya mwezi akarusha chuma mgongo ukiwa umeshachoka, ukamkamata palepale. Wiki mbili hakwenda kazini. Jina lake halikufutwa ubaoni, alihesabika wa kwanza!

Jana nikaenda na karatasi zangu. Nikamwambia kocha, "Mdogo wangu, toa ubao huu, na mnirudishie fedha ya saa." Akajibu mbele ya watu kwamba saa haidanganyi, na kwamba vyuma vinaendelea kuchoma hata nikiwa nimelala. Kuendelea kupo, lakini ni kidogo. Na kilo moja ya misuli ikiwa imepumzika hutumia kama kalori 13 kwa siku. Kumi na tatu! Chapati haitoki hapo.

Fedha hawakunirudishia. Ada ya mwezi huu nimeshalipa, nitakwenda mpaka iishe.

NYONGEZA: Mnaoniuliza sasa natumia nini. Daftari. Naandika uzito wa chuma, seti, marudio. Mwezi uliopita skwati ilikuwa kilo 40 mara nane, juzi nimefika 45 mara nane. Mizani mara moja kwa wiki asubuhi kabla ya chai, na futi kiunoni. Chakula napanga kwa wiki nzima, siku ya vyuma na siku ya kupumzika sahani ni ileile, chapati mbili za jioni nimezitoa.

Na wewe uliyeandika kwamba nichukie tu kimyakimya nihamie jimu nyingine: nimeshapita mbili, Chumbageni na Makorora. Ya Makorora nayo imeanza kuuza saa. Mwenye kujua jimu hapa Tanga ambayo kocha wake anashika daftari, aniandikie hapa hapa chini.