Mshukiwa wa mauaji kupimwa akili: haki au kupoteza muda?

Jamani, hebu tulijadili hili. Kenya ni desturi mshukiwa wa mauaji kupimwa akili kabla ya kusomewa mashtaka Mahakama Kuu. Januari 2024 tuliliona Malindi: mhubiri Paul Mackenzie na wenzake, wanaoshtakiwa kwa vifo vya waumini katika msitu wa Shakahola, walipofikishwa kizimbani, jaji aliagiza wapimwe kwanza. Barazani kwetu watu waliwaka: "Mtu aliyeweza kukusanya waumini msituni, apimwe nini?" Mimi nasema wapimwe, tena wote. Februari 6 waliporudi, walikana kuua watoto 191, lakini mmoja wao alionekana hayuko timamu, akaambiwa arudishwe baada ya mwezi. Bila kipimo angesimama pale akijibu "si kweli" kwa jambo asilolielewa. Mwaonaje?

— Kupimwa sikatai, ila watu wanachanganya. Daktari haulizwi kama mtu alirukwa na akili siku ya tukio. Huo ni utetezi, una wakati wake. Anaulizwa kuhusu leo: anajua kashtakiwa kwa nini? Anaweza kumweleza wakili yaliyotokea? Sasa, mtu aliyetoka kumeza dawa wiki tatu mfululizo atajibu vizuri sana. Zikimwishia rumande je? Cheti cha Januari utakitumia kwenye kesi ya miaka minne? Mimi ningetaka apimwe tena kila wakili au askari jela anapoona kabadilika.

— Nyinyi mwazungumzia anavyoingia, mimi nauliza atatokaje. Kifungu cha 162 cha sheria ya mwenendo wa jinai kinasema asiyeweza kujitetea, kesi yake iahirishwe. Asipopona? Mfungwa ana tarehe yake ya kutoka. Huyu hata hukumu hana. Wale wa kifungu cha 166, waliotenda wakiwa wendawazimu, walikuwa wakizuiliwa kwa hiari ya Rais, yaani mpaka yeye aamue watoke, na Mahakama Kuu imeshasema hilo linakiuka Katiba. Mtaani kwetu kuna mama hupanda basi kila mwezi na sabuni na mkate, aende kumwona mwanawe wodini. Akiuliza kesi, hospitali wanamwambia faili iko kortini. Kortini wanamwambia ripoti haijatoka hospitali.

— Mimi niliyeanzisha mjadala, hapo umenishika, nakiri. Basi nabadilisha hoja: apimwe, na siku hiyohiyo jaji aandike tarehe ya kumwona tena yeye mwenyewe, si faili.