Naomba ushauri: vitabu vya sarafu za kale kwa anayeanza, niko Mombasa

BintiKibokoni

Assalaam alaykum wanajamvi. Nataka kununua vitabu kabla sijaongeza sarafu nyingine hata moja. Nilizonazo ni kama 70. Nyingi ni senti zenye tundu za East Africa na shilingi za simba za Mfalme George wa Sita. Kuna pesa za shaba za Sayyid Barghash (sultani wa Zanzibar), hela chache za Wajerumani, riale moja ya Maria Theresa, na kipande kimoja cha shaba chenye picha ya mzani ambacho nimeshindwa kukitambua.

Bajeti yangu ni shilingi 9,000 pamoja na usafirishaji. Nianze na kitabu gani cha kutambulia? Kipo chochote cha kusomwa kwa raha, kisiwe orodha ya bei tupu? Na toleo la mtumba la miaka kumi iliyopita linafaa, au limeshapitwa? Nakaa Mji wa Kale, kwa hivyo unyevu ni shida ya kila siku.

MzeeNdiaKuu

Wa alaykum salaam binti. Kitabu cha kutambulia ni *Standard Catalog of World Coins* cha Krause na Mishler. Kilitoka mara ya kwanza 1972, na namba zake za KM ndizo wauzaji wa dunia nzima wanazozitumia. Ukisema KM fulani ya East Africa, wa London na wa Dubai wote wataelewa unasema nini.

Wengi hukosea hapa: si kitabu kimoja. Kimegawanywa kwa karne. Juzuu ya 1901–2000 ina senti zako za tundu na shilingi za simba. Barghash hayumo humo, yumo katika ya 1801–1900, pamoja na sarafu za Mombasa zenyewe. Ukimwagiza mtu bila kumtajia miaka iliyo kwenye jalada, utaletewa juzuu isiyokufaa, na kuirudisha ni gharama kuliko kitabu.

Tena usifungue Kenya peke yake. Kenya kama Kenya inaanza 1966, Mzee Kenyatta alipotokea kwenye sarafu. Kabla ya hapo tazama East Africa, Mombasa, Zanzibar na German East Africa.

Toleo la mtumba linafaa sana. Picha, uzito, madini na miaka havibadiliki. Kinachochakaa ni bei, na bei zile hata kitabu kikiwa kipya si za kuzitegemea: ni dola anazotoza muuzaji wa Marekani kwa mteja wake. Ukipeleka sarafu yako kuuza, usitarajie kulipwa hiyo. Halafu kuna safu za hali, kuanzia iliyochakaa hadi isiyotumika kabisa: F, VF, XF, Unc. Mgeni hutazama safu ya mwisho kulia kwa sababu ndiyo yenye hesabu nono, na sarafu yake iko safu ya kwanza. Kwenye shilingi ya simba tazama nywele za mfalme juu ya sikio, kisha manyoya ya shingo ya simba. Hizo ndizo sehemu zilizoinuka, ndizo zinazosagika mwanzo. Nywele zikiwa zimelala kama zimepigwa pasi, sahau XF.

Makupa_2

Kwa heshima zako mzee, mimi ningemshauri asianze na hicho. Juzuu ya 1901–2000 ina kurasa zaidi ya 2,000. Uzito wake ukiusafirisha kwa ndege unamaliza bajeti, na anayohitaji humo ni kurasa chache tu. Kazi ile ile ya kutambua anaifanya bure kwenye tovuti ya Numista: unachagua nchi, madini na kipenyo, unapata picha, uzito na namba ya KM.

Dada, fedha zako anza kuzitia kwenye vifaa ambavyo kila kitabu kitakudai uwe navyo: mzani wa sonara unaosoma hadi gramu 0.01, kipimo cha venia cha milimita, na lenzi ya kukuza mara 10. Bila hivyo katalogi ni albamu ya picha tu. Kwa mfano, shilingi ya East Africa ya 1921 hadi 1946 ni fedha, lakini robo tu, yaani 250 kwa 1,000, na uzito wake ni gramu 7.78. Kuanzia 1948 ni shaba na nikeli, na uzito ni karibu ule ule. Mzani hautakutenganishia hizo mbili. Mwaka ndio unaotenganisha. Riale ya Maria Theresa, mzani unakusaidia moja kwa moja: gramu 28.07, fedha 833 kwa 1,000. Ikisoma 25 au ikivutwa na sumaku, ni ya bandia.

MzeeNdiaKuu

Kuhusu gharama ya kusafirisha, nakubali. Lakini tovuti hukupa sarafu uliyoitafuta tu. Kitabu kinakuonyesha jirani zake, na kwa jirani ndiko unakojifunza. Ukifungua ukurasa wa senti 10 za 1936 utaona mbili zikifuatana: moja ina jina la GEORGIVS V, nyingine EDWARDVS VIII, mfalme aliyekaa chini ya mwaka mmoja. Wauzaji wa mitandaoni huipamba hiyo ya Edward kama lulu. Katalogi inakuonyesha mara moja kwamba zilifuliwa kwa wingi na bei yake ni ya kawaida. Ukurasa huo huo unakupa herufi ndogo za viwanda: H ni Heaton wa Birmingham, KN ni Kings Norton, SA ni Pretoria, I ni Bombay, na isiyo na herufi ni ya London. Mwaka mmoja wenye herufi mbili ni sarafu mbili tofauti kwa mkusanyaji.

Dada, ukipata mtu anayerudi safari mwenye nafasi kwenye begi, mwagize juzuu ya 1901–2000 ya mtumba. Hapo usafiri ni bure.

UstadhaWaMajengo

Hakuna aliyegusa Kiarabu, na baadhi ya sarafu ulizotaja zina Kiarabu. Nunua *Arabic Coins and How to Read Them* cha Richard Plant. Ni chembamba, chepesi kusafirisha, na kimeandikwa kwa mtu asiyejua hata alifu. Wewe uliyepita madrasa utakimaliza kwa siku mbili, kwa sababu kazi iliyobaki ni kuzoea mwandiko wa sarafu: nukta hazipo, maneno yamebebana, na jina huweza kuanzia katikati au chini.

Tarakimu ndizo zinazoangusha watu. Pesa za Barghash zina miaka miwili, 1299 na 1304. Katika ١٣٠٤ sifuri ni nukta tu, na shaba ikichakaa nukta inafutika, ukabaki na 134 ambayo haina maana yoyote. Ukiona nafasi tupu kati ya tatu na nne, hapo palikuwa na sifuri. Kugeuza Hijria kuwa Miladia zidisha kwa 0.97 kisha ujumlishe 622: 1299 inakupa 1882.

Ukitaka kwenda nyuma zaidi, hadi sarafu za masultani wa Kilwa, anza na makala badala ya vitabu. John Walker aliandika katika *Numismatic Chronicle* mwaka 1936, na Freeman-Grenville katika jarida hilo hilo mwaka 1957, kuhusu sarafu za pwani yetu kabla ya Wareno. Zitafute JSTOR, hifadhi ya makala mtandaoni. Akaunti ya bure inaruhusu kusoma makala kadhaa kwa mwezi. Kitabu kikubwa cha Neville Chittick kuhusu Kilwa, cha 1974, ni ghali mno kununua. Andika barua Fort Jesus au taasisi nyingine yenye maktaba ya historia ya pwani, uombe kukisomea hapo hapo.

HelaNaRupia

Kwa hela za Wajerumani kitabu ni cha Kurt Jaeger, *Die deutschen Münzen seit 1871*. Ni cha Kijerumani lakini usiogope, ni majedwali: mwaka, herufi ya kiwanda, idadi iliyofuliwa, bei. A ni Berlin, J ni Hamburg, T ni Tabora, ambako 1916, wakati wa vita, walifua sarafu za hela 20, za shaba na za shaba ya manjano, kwenye karakana ya reli, na sarafu za rupia 15 za dhahabu zenye tembo. Kwa hela chache kama zako usikinunue. Jua tu kwamba muuzaji akiandika J na namba, anamaanisha kitabu hicho.

Vya raha: *A Silver Legend* cha Clara Semple, cha 2005, ni historia ya riale ya Maria Theresa peke yake. Kinaeleza kwa nini sarafu yenye mwaka 1780 iliendelea kufuliwa hadi karne ya 20, Vienna, Roma, London, hata Bombay: wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na Uhabeshi walikataa sura nyingine yoyote. Ukikimaliza, riale yako utaishika kwa namna nyingine kabisa. Cha pili ni *Newton and the Counterfeiter* cha Thomas Levenson. Isaac Newton yule yule wa fizikia, akiwa msimamizi wa kiwanda cha sarafu London, anamwinda mghushi William Chaloner hadi anyongwe 1699. Kinasomeka kama hadithi ya upelelezi, na njiani unajifunza kwa nini sarafu zikawekewa meno ukingoni.

BintiKibokoni

Shukran sana nyote. Nimeshaagiza cha Plant, na mzani nimepata kwa sonara. Sasa kile kipande cha shaba. Upande mmoja kina mzani na Kiarabu. Upande wa pili umechakaa, nasoma COMPANY tu. Ni ile ya Mombasa?

Makupa_2

Polepole, dada. Mzani uko kwenye sarafu tatu tofauti zilizotembea pwani hii, na COMPANY iko kwenye mbili.

Pesa ya Barghash ina mzani, lakini haina herufi ya Kizungu hata moja. Hiyo itoe. Inabaki kampuni ya India ya Mashariki, iliyofua shaba kwa ajili ya Bombay, mfano ya 1804, na kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki iliyofua kwa jina la Mombasa. Ya India ina nembo ya ngao yenye simba wawili wakiishika. Ya Mombasa ina jua lenye miali na taji juu yake. Neno la Kiarabu kwenye mzani litakupoteza, kwa sababu zote mbili zinazungumzia uadilifu. Tazama mwaka: 1219 ni India, 1306 ni Mombasa.

Usiisugue kwa penseli na karatasi, na usiiguse kwa ndimu wala Brasso. Zima taa ya chumba, weka tochi ya simu ubavuni mwa sarafu, chini kabisa, mwanga uteleze juu ya uso wake. Zungusha sarafu robo, piga picha, zungusha tena. Kilichofutika kwa macho mara nyingi hutokea kwenye kivuli.

BintiKibokoni

Picha ya tatu imeonyesha miali. Na chini ya mzani ni ١٣٠٦.

MzeeNdiaKuu

Mashaallah. Hiyo ni pesa ya Mombasa ya 1888. Dada zake wa fedha ni rupia ya 1888 na vipande vya 1890 vyenye herufi H, tafuta vyote katika juzuu ya 1801–1900.

UstadhaWaMajengo

Binti, kabla hujaituma popote kuthaminiwa: Sheria ya Makumbusho ya Kitaifa na Turathi ya 2006 inahesabu kuwa kitu cha kale chochote kinachohamishika kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895, isipokuwa vitabu na hati. Pesa hiyo imo, na za Barghash zinaweza kuwemo. Kuvitoa nje ya nchi kunahitaji kibali, kwa hivyo kaulize Fort Jesus kwanza. Riale ni ngumu zaidi: 1780 iliyoandikwa haithibitishi ilifuliwa lini wala ililetwa lini.

HelaNaRupia

Na unyevu, maana uliuliza na hakuna aliyejibu. Zile albamu laini za plastiki zinazonuka kama mpira mpya zina PVC. Kwa joto letu huanza kutoa utelezi wa kijani unaokula shaba. Nunua vihifadhi vya Mylar, au vilivyoandikwa wazi kwamba havina PVC. Sarafu iliyokwisha kupata utelezi iloweshe kwenye asetoni safi, si dawa ya kutolea rangi ya kucha, ndani ya kikombe cha kioo, mbali na moto, madirisha wazi. Isuuze kwa asetoni mpya, iache ikauke yenyewe, usiipanguse.

Sarafu weka kwenye boksi linaloziba pamoja na silika jeli ya rangi ya chungwa. Ikigeuka kijani imeshiba maji, irudishe kwenye oveni nyuzi 120 kwa saa mbili. Vitabu usivifungie humo na usivibane kwenye ukuta wa mawe unaotazama nje. Acha upana wa vidole vinne nyuma ya rafu hewa ipite. Kurasa zenye picha za kung'aa zikilowa hugandana, na ukizibandua zikiwa mbichi picha inabaki upande wa pili. Kitabu kikilowa, tia karatasi nyeupe kila baada ya kurasa chache, kisimamishe mbele ya feni, na usikianike juani.

BintiKibokoni

Fort Jesus naenda Jumatatu na picha, sarafu naiacha nyumbani. Kuna yeyote mwenye juzuu ya 1801–1900 aliye radhi niende nikapige picha kurasa za Mombasa na Zanzibar?

MzeeNdiaKuu

Ninayo. Njoo baada ya alasiri, na uje na mzani wako, tuipime hapo hapo.