Mchoro wa komponenti: matokeo ya STK Push yachorwe upande gani?

msanifu_kilifi:
Wadau, nachora mchoro wa komponenti wa mfumo wa maduka. Ndani kuna Oda, Stoo na Malipo. Nje kuna Daraja, API ya M-Pesa ya Safaricom (mlango ambao programu nyingine huitumia M-Pesa). Kati ya Malipo na Daraja nimeweka mshale mmoja wenye vichwa viwili, maana ombi la STK Push (linalomtokea mteja kwenye simu aweke PIN ya kulipa) linakwenda na matokeo yanarudi. Je, unatosha? Zile alama za UML (lugha ya kuchora mifumo), mduara na nusu duara, zikae wapi? Na sehemu za ndani ya Malipo (KitumaOmbi, KipokeaMatokeo, Daftari) niziunganishe vipi na nje? Natumia PlantUML, programu inayogeuza maandishi kuwa mchoro.

mwalimu_wa_mifumo:
Huo mshale ufute kabisa, unaficha jambo lenyewe. STK Push ni miito miwili, kila mmoja na mwenyewe. Kwanza Malipo inaita `/mpesa/stkpush/v1/processrequest`. Jibu linarudi papo hapo, lakini linasema tu kwamba ombi limepokelewa, na linakupa CheckoutRequestID, yaani kitambulisho cha ombi hilo. Mteja hata PIN hajaweka. Baadaye Daraja ndiyo inayokuita wewe, kwenye anwani uliyoiandika katika CallBackURL, ikileta ResultCode: 0 amelipa, 1032 ameghairi.

Basi violesura, yaani sehemu ambazo komponenti moja huiita nyingine, ni viwili. Mduara mzima hukaa kwa anayetoa huduma, nusu duara kwa anayeihitaji. Usifuate data inaelekea wapi, uliza nani anaitwa. Kiolesura cha OmbiLaSTK: mduara kwa Daraja, nusu duara kwa Malipo. Cha PokeaMatokeo ni kinyume chake: mduara uko kwa Malipo, maana seva inayopigiwa ni yako. Hapa ndipo wengi huteleza, na kosa halibaki kwenye karatasi. Mduara usipoonekana upande wako, hakuna anayekumbuka kuandaa anwani ya HTTPS inayofikika kutoka nje. Fayawoli (ukuta wa ulinzi wa mtandao) inabaki imefungwa, pesa inakatwa kwa mteja na oda inakaa "inasubiri".

Violesura vyote viwili vibebwe na poti moja, iite `mpesa`. Poti ni kile kisanduku kidogo kinachokaa juu ya mstari wa ukingo wa komponenti, na UML inaruhusu poti moja ibebe kinachotolewa na kinachohitajika pamoja. Msomaji anaona mara moja kwamba hayo ni mazungumzo na mhusika mmoja.

nahodha_wa_kodi:
Kwa violesura nakubaliana na mwalimu, ila kwa poti hapana. Ombi linalotoka na matokeo yanayoingia hulindwa kwa kanuni tofauti za mtandao, na huweza kuwekwa kwenye seva tofauti. Poti mbili, `ombi` na `matokeo`, zinamsaidia zaidi anayeusimika mfumo. Poti moja inafaa mchoro wa juu wa kumwonyesha mwenye duka.

Kuhusu ndani: kutoka poti hadi sehemu ya ndani tumia kiunganishi cha kukasimu, yaani mstari unaopitisha kazi, si mduara na nusu duara. Kukasimu huunga vya aina moja: kinachotolewa na poti hupelekwa kwa sehemu inayokitoa kweli, kinachohitajika na sehemu ya ndani hupandishwa hadi poti inayokihitaji. Mduara na nusu duara huunga vya aina mbili zinazokamilishana, kwa mfano KipokeaMatokeo na Daftari.

Kwenye PlantUML:

```
component Malipo {
  portout ombi
  portin matokeo
  [KitumaOmbi]
  [KipokeaMatokeo]
  [Daftari]
}
[Daraja]
KitumaOmbi --> ombi
matokeo --> KipokeaMatokeo
KitumaOmbi -(0- Daftari
KipokeaMatokeo -(0- Daftari
ombi -(0- Daraja : OmbiLaSTK
Daraja -(0- matokeo : PokeaMatokeo
```

Katika `-(0-`, mabano ni ya anayehitaji na sifuri ni ya anayetoa. Ukiugeuza, programu itachora tu bila kulalamika. Haikagui kanuni za UML, kwa hiyo kila mstari usome mwenyewe.

msanifu_kilifi:
Asanteni sana. Matokeo yasipofika kabisa, hilo nalo lionekane hapa?

mwalimu_wa_mifumo:
Lionekane kama operesheni, yaani kazi moja inayoweza kuitwa kupitia kiolesura. Daraja ina `/mpesa/stkpushquery/v1/query` ya kuulizia hali ya ombi kwa CheckoutRequestID. Iandike ndani ya kiolesura kilekile cha OmbiLaSTK, usiitengenezee poti nyingine. Kuomba tokeni (kibali cha muda cha kuita Daraja) kupewe kiolesura chake, maana tokeni huisha baada ya saa moja na miito yote hiyo inaitegemea. Lakini usubiri kwa muda gani kabla ya kuulizia, na ufanye nini matokeo yaleyale yakija mara mbili, mchoro huu hauna pa kuyaweka: hauonyeshi mfuatano wa wakati. Hayo yachoree mchoro wa mfuatano, ukitumia majina yaleyale ya violesura.