Mjadala: Je, magamba ya chuma ya Hatteras yamefunga kesi ya walowezi wa Roanoke?

Kigae (mleta mada)
Ndugu wasomaji, habari ya Roanoke imeanza kuzunguka tena, nami ningependa tuijadili kwa utulivu. Kwa wasioifahamu, mwaka 1587 Waingereza wapatao 115, wakiwamo wanawake na watoto, waliachwa katika kisiwa cha Roanoke, pwani ya jimbo ambalo leo ni North Carolina. Gavana wao, John White, alirudi Uingereza kutafuta msaada, vita na Hispania vikamzuia, na aliporejea Agosti 1590 hakumkuta hata mtu mmoja. Nyumba zilikuwa zimebomolewa na kuondolewa, na katika nguzo ya boma palikuwa pamechongwa neno CROATOAN, jina la kisiwa kilichoko kusini ambacho leo ni sehemu ya Hatteras. Mwaka 2025 Profesa Mark Horton na wenzake wa huko Hatteras wakatangaza kwamba wamekuta ndani ya jaa la kale magamba mengi ya chuma, yale yanayobanduka mhunzi anapogonga chuma chekundu juu ya fuawe, na kwamba huo ni ushahidi kuwa walowezi walihamia kwa watu wa Croatoan na kuishi nao. Horton si mgeni kwetu, maana ndiye aliyechimba magofu ya Shanga, kisiwani Pate, miaka ya 1980. Swali langu ni moja: je, kesi imekwisha, au tunaharakishwa?

Maalim wa Mtoni
Imekwisha, tena ilikwisha tangu 1590, ila watu wanapenda mafumbo. White alikuwa amepatana na watu wake kwamba wakihama wachonge jina la mahali waendako, na wakiwa katika dhiki waongeze alama ya msalaba. Jina alilikuta, msalaba hakuukuta, na aliandika mwenyewe kwamba alifurahi kuona dalili ya usalama wao. Kilichomzuia kuwafuata ni dhoruba iliyomkatia nanga. Ama kuhusu magamba, wenyeji wa pale walikuwa watu wa mawe na vijiti, hawakuwa na akili ya chuma, kwa hiyo palipo na magamba palikuwa na Mwingereza. Ongezeni na ile pete ya dhahabu yenye nakshi ya simba iliyochimbwa hapo hapo Hatteras mwaka 1998, kisha mniambie kilichobaki cha kujadili.

Bi Nuru
Kilichobaki, Maalim, ni chakula. White anaeleza kwamba watu wake walipofika Croatoan Julai 1587, jambo la kwanza wenyeji walilowaomba ni kwamba wasichukue mahindi yao, kwa kuwa hata wao hayakuwatosha. Siku chache baadaye Waingereza haohao wakawavamia watu wa Croatoan alfajiri kwa kuwadhania maadui, na wakagundua kosa lao damu ikiwa imekwisha kumwagika. Isitoshe, wanasayansi waliopima duara za umri wa miti ya kale ya eneo hilo walionyesha mwaka 1998 kwamba ukame wa 1587 hadi 1589 ulikuwa mkali kuliko wowote katika miaka 800. Nielezeni jinsi kisiwa chembamba cha mchanga, chenye watu wasiojitosheleza kwa nafaka, kilivyopokea midomo mingine mia na ushei katika miaka hiyo. Mimi naona waligawanyika: wachache wakaenda kwa Manteo, rafiki yao wa Croatoan, na wengi wakaingia bara, kwa maana White anasema pia kwamba alipowaaga walikuwa wakijiandaa kuhamia maili 50 ndani ya nchi. Ramani yake iliyoko British Museum ilipochunguzwa mwaka 2012, chini ya kiraka cha karatasi ilionekana alama ya ngome huko huko bara, na wachimbaji wamepata vigae vya Kiingereza karibu na mahali hapo.

Mzawa wa Kagera
Nimesoma mara mbili maneno ya Maalim ili nisimwonee. "Hawakuwa na akili ya chuma." Hivi ndivyo tulivyosemwa na sisi kwa miaka mingi, hadi watafiti Schmidt na Avery walipochapisha mwaka 1978 matokeo ya uchunguzi wao kuhusu tanuri za Wahaya, wakaonyesha kwamba wazee wa Buhaya walikuwa wakitoa chuma cha pua zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Nashangaa kumsikia Mswahili, mwaka huu, akimsema mtu mwingine kwa ulimi uleule tuliosemwa nao.

Maalim wa Mtoni
Ndugu yangu wa Kagera, sikusema habari za Wahaya na sijui wameingiaje Amerika. Nilisema wenyeji wa Carolina hawakuyeyusha madini ya chuma, na hilo kila msomi analikubali, kwani madini waliyoyathamini yalikuwa shaba. Kukosa ujuzi fulani si tusi. Babu yangu hakujua kutengeneza saa, na hakuna aliyemtukana.

Mzawa wa Kagera
Babu yako hakuambiwa kuwa hana akili ya saa.

Fundi wa Gongo
Naomba niingie kwa upande wa kazi, kwa kuwa nimekulia penye mifuo. Magamba haya si mavi ya chuma, na wengi wanavichanganya. Mavi ya chuma hupatikana mtu anapoyeyusha madini, lakini magamba ni ngozi nyembamba inayojiunda juu ya chuma cha moto kinapokutana na hewa, na hubanduka kwa kila pigo la nyundo. Ni madogo, ni mepesi, sumaku huyavuta, na hakuna binadamu anayeyabeba kwenda kuyauza. Hapo ndipo penye nguvu ya hoja ya Horton, kwa sababu upanga au ushanga unaweza kutembea mikono kumi kabla haujazikwa, ilhali magamba hubaki palipofanyika kazi. Basi mtu alifua chuma Hatteras. Lakini gamba halisemi nani, na bila tabaka lenye umri usiotiliwa shaka halisemi lini, maana Waingereza wa baadaye walikaa Hatteras karne ya 18 nao walikuwa na wahunzi.

Kuhusu nani, Maalim asome taarifa ya Arthur Barlowe ya 1584, ya safari ya kwanza kabisa iliyotumwa huko na Walter Raleigh, bwana wa Kiingereza aliyezianzisha safari hizi. Wenyeji walimweleza kwamba miaka kama 20 nyuma, meli ya Wazungu ilivunjika katika pwani yao, wakang'oa misumari yake, na kwa misumari hiyo wakajitengenezea zana zao bora. Kuyeyusha madini hawakuyeyusha, lakini chuma chakavu walikijua kabla Mwingereza hajakanyaga pale. Sidai kwamba walikipasha moto. Nasema kwamba yule mhunzi asiye na jina hawezi kuandikiwa pasipoti ya Uingereza kwa magamba peke yake.

Na ile pete ilipimwa upya mwaka 2017. Si dhahabu. Ni shaba nyeupe ya kawaida, haina hata chembe ya dhahabu.

Maalim wa Mtoni
Pete ni pete. Iwe dhahabu au shaba, simba wake si wa Carolina.

Fundi wa Gongo
Simba alikuwa ushahidi wa ukoo wa kibwana mlipodhani ni dhahabu, kwa kuwa mlimhusisha na familia ya Kendall, na mtu wa jina hilo alikuwamo katika kikosi cha 1585, kile cha askari kilichowatangulia walowezi hawa, si cha 1587. Sasa imebainika ni pete ya aina waliyokuwa wakiuziwa wenyeji kwa biashara. Mnaihamisha hoja kila mizani inapowakataa.

Mwana wa Faza
Mimi sishangazwi na magamba bali na njia ya Horton. Pale Shanga alichimba chini ya msikiti wa Ijumaa akakuta msikiti juu ya msikiti, hadi kwenye vijumba vya ibada vya miti vya karne ya 8, na akasisitiza kwamba mji ulikua kutoka ndani, mikononi mwa wenyeji, wakati ambapo wakubwa waliomtangulia, kama Neville Chittick, walimtafuta mgeni kila penye jiwe zuri. Mtu huyohuyo akifika Hatteras anakuta jaa la watu wa Croatoan, limejaa mabaki ya chakula cha watu wa Croatoan, na kutokana na vipande vya chuma anamtoa Mwingereza. Huenda ni kweli, sibishi. Ila kipimo kimoja kitumike pande zote mbili za bahari.

Lipo pia suala la nasaba. John Lawson, aliyepita huko mwaka 1701, aliandika kwamba watu wa Hatteras walimwambia kuwa baadhi ya mababu zao walikuwa weupe waliojua kusoma kitabu, na akaona miongoni mwao watu wenye macho ya kijivu. Kwa nini wasipimwe vinasaba kama walivyopimwa wazee wetu wa Mtwapa, Manda na Kilwa?

Bi Nuru
Umegusa pagumu. Utafiti ule wa 2023 ulikuwa na mifupa ya watu 80, na ulionyesha damu ya Kiafrika, hasa kupitia akina mama, na damu ya Kiajemi kupitia akina baba kuanzia takriban mwaka 1000. Kwa watu wa Roanoke hakuna mfupa hata mmoja unaojulikana kwa hakika kuwa wao, kwa hiyo hakuna cha kulinganishia. Ukimkuta mtu wa Carolina leo ana damu ya Kiingereza, utajuaje ni ya 1587 wala si ya 1750?

Nakumbusha kwamba hakuna aliyejibu habari ya mahindi.

Msomaji wa Ujiji
Na yale mawe ya Eleanor Dare? Nakumbuka niliwahi kusoma kwamba binti yake White aliacha mawe yaliyochongwa akieleza kuwa mumewe na mtoto wao Virginia waliuawa. Hayo si ushahidi?

Fundi wa Gongo
Jiwe la kwanza lilijitokeza mwaka 1937, kukatangazwa zawadi kwa atakayeleta mengine, na mawe yakaanza kuota kama uyoga baada ya mvua, hadi mwaka 1941 gazeti moja la Marekani lilipofichua kwamba yalichongwa na matapeli. Lile la kwanza wapo wanaolitetea hadi leo, lakini mimi silitii mkononi.

Kigae (mleta mada)
Ndugu zangu, tumesafiri kutoka Buhaya hadi Manda. Narudia swali: je, magamba yanatosha? Mimi nimeanza kuelekea upande wa Fundi, kwamba yanathibitisha kazi bila kumthibitisha mfanyakazi. Ningependa atakayetetea kesi kufungwa aeleze pia kwa nini katika kisiwa cha Roanoke chenyewe, pamoja na uchimbaji wa Harrington miaka ya 1940 na wa Noël Hume mwanzoni mwa miaka ya 1990, kilichopatikana kwa uhakika ni karakana ya kupimia madini ya kikosi cha 1585, ile ya mwanasayansi Thomas Harriot na mtaalamu wa madini Joachim Gans, ilhali makazi ya familia za 1587 bado hayajulikani yalipo. Ufuo wa kaskazini wa kisiwa umeliwa sana na maji, na huenda mji wenyewe uko chini ya ghuba.

Mzawa wa Kagera
Mzee Kigae, kwa heshima, swali lako ndilo linalonikera kuliko hata maneno ya Maalim. Miaka mia na zaidi ya koleo, rada na makumbusho, yote kwa Waingereza 115. Mwaka 1586, mwaka mmoja kabla yao, Ralph Lane, mkuu wa kile kikosi cha 1585, alimuua Wingina, mtemi wa eneo hilo, na askari wake akarudi na kichwa mkononi. Siku chache baadaye nahodha Mwingereza Francis Drake akatia nanga, akitoka kupora Santo Domingo na Cartagena, na melini mwake walikuwamo mamia ya Waafrika na watu wa asili ya Amerika aliowatoa kwa Wahispania. Dhoruba ikapiga, Lane na watu wake wakapanda meli kwa haraka, wakaenda zao. Waturuki wapatao 100 waliokuwa wameokolewa humo tunajua habari zao, kwa sababu serikali ya London ilihangaika kuwarudisha kwao. Na Waafrika je? Kama walishushwa Roanoke ili kutoa nafasi, walizama, au waliuzwa njiani, hakuna aliyeandika. Hao hawakuachiwa hata mti wa kuchonga jina, na hakuna tamthilia inayochezwa kwa ajili yao kila kiangazi.

Maalim wa Mtoni
Hiyo ni mada nyingine kabisa, na umeileta kwa sababu ya neno langu moja la juzi. Huna hati inayosema walishushwa pale. Unataka Horton akachimbe dhana?

Mzawa wa Kagera
Hati ya kwamba walowezi walifika Croatoan iko wapi? Mnayo mti na neno, basi. White hakufika, wala hakuna Mwingereza aliyewaona. Dhana yenu ina koleo tangu enzi za Talcott Williams, aliyechimba Roanoke mwishoni mwa karne ya 19, yangu inaambiwa isubiri hati.

Mwana wa Faza
Hapo nasimama na Mzawa, ingawa si kwa hasira yake. Fundi amesema magamba hayataji jina la mhunzi. Tukilikubali hilo, basi katika orodha ya watu wanaoweza kuwa walipasha chuma moto pwani ile mwishoni mwa karne ya 16 tuwaweke watu wa Croatoan, Waingereza, mabaharia wa meli zilizovunjika, na pia Waafrika wa Drake, ambao baadhi yao huenda walitoka katika nchi za wahunzi. Meno ya maiti yanaweza kupimwa kuonyesha maji aliyokunywa mtu utotoni. Likipatikana kaburi Hatteras, meno hayo yapimwe kabla ya mtu yeyote kuandika kibao cha jina.

Maalim wa Mtoni
Na yakionyesha maji ya Devon, kule Uingereza?

Mzawa wa Kagera
Nitakuja hapa kukupongeza. Yakionyesha maji ya Guinea, nataka kuona utaandika nini.

Bi Nuru
Mkimaliza meno, kuna mtu atanijibu hao wote walikula nini?