Bomba la PVC kama tangi la kusafishia filamu za 4x5: nani kajaribu?

Kijana wa Uyole

Wakuu, habari za jioni. Niko Mbeya. Nina kamera kubwa ya mbao, ile ya kujifunika kitambaa kichwani, inatumia filamu za vipande vya inchi 4 kwa 5. Natumia FP4 Plus, filamu ya nyeusi na nyeupe, na huwa naipata mtu akitoka nje, kwa hiyo kila kipande nakionea uchungu.

Nasafishia stoo, usiku, blanketi mlangoni, trei tatu chini. Shida ni mikwaruzo. Nikiweka vipande vinne kwa pamoja na kuvipindua kimoja kimoja gizani, kona ya hiki inachora kile. Picha ya mashamba ya chai ya Rungwe niliyoisubiria mwanga asubuhi nzima ina mstari angani kama waya wa umeme. Halafu dakika 11 zote nimechuchumaa gizani, mtoto akisukuma mlango kazi imeisha.

Tangi za dukani za filamu hizi zipo Ulaya na Marekani, ukijumlisha na usafiri siziwezi. Nimewaza bomba la PVC, au kopo la maziwa ya unga. Aliyewahi kutengeneza anipe mwongozo. Nawasilisha.

Mama Studio Iringa

Kopo achana nalo, ni bati, litashika kutu na dawa itaharibika. Bomba ndiyo jibu, ila usikurupuke.

Tafuta la inchi mbili lenye ukuta mnene, si lile jepesi la maji machafu. Kabla hujaenda dukani kata karatasi ya sentimita 10.2 kwa 12.7, hicho ni karibu kabisa na kipimo cha filamu yako. Fika pale uikunje uitumbukize kwenye bomba, upande mrefu ndio uzunguke. Tundu likiwa la sentimita 5, mzunguko wa ndani ni kama 15.7, kwa hiyo kati ya ncha mbili za karatasi inabaki nafasi ya sentimita 3. Ncha zikipandana, hapo dawa haipiti. Muuzaji atakushangaa, mwache ashangae.

Kata urefu wa sentimita 14. Sasa msasa, na hapa ndipo vijana wengi mnapokosa subira. Bomba likikatwa kwa msumeno linabaki na vijimeno kwenye ukingo wa ndani, na hivyo ndivyo vitakavyokurudishia mikwaruzo uliyoikimbia. Anza na msasa wa kawaida, malizia na ule laini wa kutumia na maji. Kidole peke yake hakitoshi kupimia. Chukua soksi ya nailoni ya kike, ivute taratibu juu ya ukingo. Ikinasa popote, rudia.

Upande mmoja gandisha kifuniko kwa gundi ya PVC, uliache nje mpaka harufu iishe. Upande wa pili kifuniko cha kufunga kwa kuzungusha. Nje paka rangi nyeusi, hata mara tatu. Kisha washa tochi ndogo, itie ndani, funga, zima taa zote za chumba, kaa kama dakika 10 macho yazoee. Ukiona wekundu hata kidogo, ongeza rangi.

Kuingiza filamu ni giza totoro, FP4 inaona rangi zote, taa nyekundu itaichoma. Ishike filamu wima, upapase vile vipengo vya ukingoni: vikiwa kona ya juu kulia, upande wa dawa, ule unaoshika picha, unakutazama. Huo ndio ukae ndani, mgongo uelekee ukuta. Ila mgongo nao umepakwa rangi ya kuzuia mwanga usirudi nyuma, na ukigandamana na ukuta unatoka na mabaka ya zambarau. Kata wavu wa plastiki wa dirishani, ule wa kuzuia mbu, uulaze kati ya filamu na ukuta. Mabaka yakibaki, irudishe filamu kwenye trei ya fiksa, ile dawa ya mwisho ya kukazia picha, taa zikiwa zimewaka, yanaondoka.

Mimina dawa mililita 100 kwa mkupuo, funga, laza bomba, zungusha. Hapo washa taa ukanywe chai ukipenda, mradi mkono mmoja hauachi kuzungusha. Taa unazima tena wakati wa kumwaga na kutia siki ya kuisimamisha dawa, na vilevile wakati wa kutia fiksa. Na kwa sababu mzunguko haukatiki, punguza muda kwa asilimia 15 hivi. Dakika zako 11 za dawa ya kusafishia ya D-76 iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji zitakuwa tisa na kidogo.

Baridi ya Makete

Mama kamaliza. Naongeza moja tu. Dakika hizo ni za nyuzi joto 20, na Juni hii nani ana maji ya nyuzi 20? Kwetu asubuhi nyasi zina barafu. D-76 ina kemikali mbili za kutoa picha, metoli na haidrokwinoni, na haidrokwinoni ikishuka chini ya nyuzi 13 hivi karibu inaacha kabisa kufanya kazi. Negativu inatoka nyembamba, mtu analaumu filamu. Weka beseni la maji ya vuguvugu, pima kwa kipimajoto, bomba lizungukie humo humo. Siki nyeupe ya dukani ya asilimia 5 inatosha, sehemu moja kwa maji sehemu nne, nayo iwe na joto lile lile.

Spana Mwanjelwa

Mimi ni fundi bomba, picha sijui. Ila hicho kifuniko cha kuzungusha kitavuja mkikilaza hivyo. Zungushia nyuzi ile tepu nyeupe, kufuata upande wa kufungia. Jaribu na maji matupu kwanza, juu ya gazeti.

Kijana wa Uyole

Shikamoo mama, na ahsanteni wakuu. Kesho naingia Soko la Sido na karatasi yangu. Swali la mwisho: kuna jamaa ana filamu za eksirei, rahisi sana, anasema zinakatika vizuri kwa mkasi. Nazo naweza kuzitia humu?

Mama Studio Iringa

Marahaba mwanangu. Hapana. Nyingi zina dawa pande zote mbili, ule wa ukutani utaharibika, na zikiloa ni laini mno. Hizo zibaki kwenye trei, kipande kimoja kimoja, na kioo cha dirisha kilichosagwa kingo kikilazwa chini ili plastiki isizichubue. Nafuu yake ni kwamba zile zinazoona kijani na zile zinazoona bluu hazioni wekundu, kwa hiyo unawasha taa nyekundu hafifu na unaona unachofanya. Jaribu kipande kidogo kwanza chini ya taa yako, nusu umeifunika na sarafu.