Tupeane uzoefu: Ni Kwaresima gani huwezi kuisahau?

Mama Kibosho

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu. Walutheri, Bwana Yesu asifiwe.

Kila Jumatano ya Majivu ikishapita, swali ni lile lile: "Mwaka huu unaacha nini?" Huyu anasema nyama, yule soda, mwingine mbege, ile pombe yetu ya ndizi. Mimi nimechoka na majibu hayo, yangu yakiwemo. Naomba tupeane uzoefu wa Kwaresima iliyokugusa hasa, siyo ile ya kubadilisha mboga tu. Naanza.

Mwaka 2019 majivu tulipakwa tarehe 6 Machi. Nyumbani kwetu Kibosho, Kilimanjaro, baba na baba mdogo walikuwa mwaka wa nne hawasalimiani. Kisa mpaka. Vihamba vyetu, yale mashamba ya migomba ya ukoo, mnavijua vilivyobanana, na mpaka wenyewe ni mstari wa masale basi, mimea ya majani marefu, mmoja tunauita isale. Ukimng'olea mtu shina moja ukalichomeka hatua mbili pembeni, umetangaza vita. Baba alidai mdogo wake kasogeza. Baba mdogo alidai yale masale alipanda babu kwa mkono wake. Wazee wa ukoo walikaa, mwenyekiti wa kitongoji akaja, mbege ikanywewa ikaisha, watu wakarudi makwao na kesi yao. Kanisani wakawa wanakaa huyu kulia, yule kushoto, na ikifika kupeana amani kila mmoja anageukia nyuma.

Na baba alikuwa mfungaji hasa. Nyama haigusi mpaka Pasaka. Ijumaa hatii kitu mdomoni mpaka jioni. Njia ya Msalaba anapiga magoti vituo vyote 14, kwenye tope, masika imeshaanza. Siku moja mama anamenya ndizi za kiburu, akamwambia bila kuinua macho: "Mzee, ng'ombe umemfungia, kuku umemfungia. Ndugu yako unamla kila siku."

Baba akanyanyuka, akatoka nje.

Jumamosi moja katikati ya Kwaresima nilimkuta mpakani alfajiri. Amekata jani la isale, anafuta tope kwa kiganja, upande huu, anageuza, upande ule. Akavua kofia akaitia mfukoni. Hakuzunguka barabarani. Alipita hapo hapo kwenye masale waliyogombania.

Kwa wasio Wachagga: anayekujia na isale amekuja kuomba radhi, na isale haikataliwi. Ukiikataa umejitafutia laana wewe na watoto wako, ndivyo tulivyolelewa.

Baba mdogo alikuwa anakamua. Alisimama na ndoo mkononi, imelala upande, maziwa yanamwagika na wala haoni. Kisha akaiweka chini, akapokea lile jani kwa mikono miwili. Waliyoongea sikuyasikia, mimi nilikuwa nimebaki kwenye migomba nalia.

Mpaka haukurudishwa. Baba hakuudai tena. Pasaka ile, tarehe 21 Aprili, alichinjwa mbuzi mmoja, tukala wote uwanjani kwa baba mdogo. Baba alifariki 2022, na udongo wa kwanza kaburini, baada ya padri, aliutia baba mdogo.

Karibuni, nani anafuata?

Bucha Kwa Mrombo

Milele amina. Mama Kibosho, nimesoma mara mbili.

Mimi nina bucha hapa Arusha, na ni Mkatoliki. Ijumaa za Kwaresima paja linaning'inia mpaka jioni, ni wateja wachache tu. Mwaka mmoja nilikuwa na ada ya mtoto inanisumbua, nikafungua mpaka Ijumaa Kuu. Nikajipa moyo kwamba wasio Wakatoliki nao wanakula.

Mchana akaja bibi mmoja wa jumuiya yetu. Kajifunika kanga mpaka puani, anaangalia huku na huku. Akaomba robo, isiyo na mfupa. Nikampimia, na moyoni nikamhukumu: bibi mzima, mwanajumuiya, Ijumaa Kuu! Mimi, kisu mkononi, damu kwenye aproni. Wakati namfungia akasema kwa sauti ya chini kwamba mjukuu ametoka hospitali, daktari kasema apewe supu.

Lile neno lilinikata. Jioni sikuweza kwenda kuubusu Msalaba mpaka nilipozungumza na katekista. Akanieleza vizuri: kujinyima nyama kunawahusu wenye miaka 14 na kuendelea, mfungo wenyewe ni kati ya miaka 18 na 59, na mgonjwa hafungwi na sheria hiyo. Yule mtoto alikuwa na miaka sita. Bibi hakuwa na kosa lolote, ila aibu tuliyompa sisi wenye macho makali.

Toka hapo Ijumaa Kuu sifungui. Na Jumamosi Kuu, kabla ya mteja wa kwanza, napima nusu nusu kumi za wazee wa jumuiya. Ya bibi natoa mfupa.

Mwanakwaya Majengo

Bwana Yesu asifiwe. Sisi Walutheri hatupangiwi chakula kipindi cha Kwaresma, mtu anafunga kadiri anavyosukumwa moyoni. Nasema hivi kwa sababu watu wanadhani basi hatuna Kwaresma. Tunayo. Zambarau inatandikwa madhabahuni, kwaya inaacha nyimbo za shangwe, tunaingia za mateso.

Bibi yangu alikuwa wa Machame, huko walikoanzia wamisionari wa Leipzig mwaka 1893, na Ulutheri wake ulikuwa wa mizizi. Kwaresma yake ilikuwa mkungu. Kila wiki anakata mkungu mmoja, siyo ule mdogo, ule ambao ungeuzwa sokoni, anaupeleka kwa mjane mmoja aliyekuwa hana mtu. Anasokota majani makavu ya mgomba kuwa kata, anaiweka kichwani, mimi namtwisha. Nilikuwa na miaka tisa hivi, nikamuuliza kwa nini tusimpelekee ule uliovunjwa na upepo. Akanijibu kwa Kimachame neno ambalo kwa Kiswahili ni kama: mwenye njaa si shimo la taka.

Mpangaji Ngarenaro

Yangu ni ya 2025. Majivu yalikuwa tarehe 5 Machi, Ramadhani nayo imeanza siku chache kabla. Mama mwenye nyumba wetu ni Muislamu, sisi wapangaji mchanganyiko. Alipojua nimefunga, kila jioni baada ya adhana ya magharibi mwanaye anakuja kugonga: "Kaka, mama anakuita, uji unapoa." Uji wenye pilipili manga, tambi, magimbi ya nazi. Nakaa nao mkekani.

Ila siku ya Idd ndiyo sitaisahau. Iliitangulia Pasaka kwa karibu wiki tatu, na mimi nyama nilishaiacha mpaka Pasaka. Nikajiandaa kukataa kwa adabu. Naingia uani, nakuta masufuria mawili, kubwa la wote na dogo pembeni limefunikwa sahani. Akasema, "Hilo lako, mwanangu. Halina nyama. Hata mwiko ni mwingine." Amepika pilau mara mbili, siku yake ya sikukuu, kwa ajili ya mfungo wangu.

Pasaka nikampelekea kuku wawili hai, achinje mwenyewe.

Mgeni wa Sakina

Samahanini, naomba kuuliza. Siku arobaini zinahesabiwaje? Nikihesabu kwenye kalenda toka majivu napata 46.

Katekista mstaafu

Toa Jumapili sita. Jumapili ni siku ya ufufuko hata ndani ya Kwaresima, haihesabiwi kwenye mfungo. Na tarehe inahama kwa sababu Pasaka ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kuanzia tarehe 21 Machi, ndiyo maana haiwahi zaidi ya 22 Machi wala haichelewi kupita 25 Aprili.

Boda Pasua

Mimi yangu siyo nzuri kama zenu, lakini Mama Kibosho kaomba iliyotugusa hasa. Niliacha pombe siku ya majivu. Wiki ya tatu, siku ya malipo ya mchezo wa kupeana hela, nikanywa mpaka pikipiki ikalala kijiweni. Nikaona basi, Kwaresima imeshaharibika, nikaendelea kunywa siku nne. Nilipokwenda kuungama nilitegemea kufokewa. Padri akaniuliza tu, "Leo umekunywa?" Nikasema bado. Akasema, "Basi Kwaresima yako inaanza leo." Ilikuwa imebaki wiki mbili na siku kidogo. Nilizimaliza. Baadaye nimeshaanguka tena, nimeshaanza tena, na hii ya sasa ni wiki ya tano sijagusa. Niombeeni.

Mama Kibosho

@Boda Pasua, nakuweka kwenye rozari ya leo jioni, kwa nia yako peke yake. Ukisikia kiu, njoo hapa uandike, hata usiku.

Nesi wa zamu

Nilikuwa zamu usiku wa Mkesha wa Pasaka, wodi ya akina mama, Moshi. Nilikuwa na uchungu, maana Mkesha siukosi: moto mpya nje gizani, mshumaa wa Pasaka unaingia kanisani, watu wanawashiana mmoja mmoja mpaka nyuso zote zinaonekana. Halafu masomo, saba ya Agano la Kale kabla hujafika Waraka na Injili, na watoto wamelala mabegani.

Kulikuwa na mama mmoja mtu mzima sana kitanda cha dirishani, Mkatoliki, hali yake nzito. Tangu saa tatu ananiuliza: "Binti, wameshapiga?" Sikumwelewa. Baadaye nikakumbuka. Kengele hunyamaza tangu wimbo wa Utukufu wa Alhamisi Kuu mpaka Utukufu wa Mkesha. Alikuwa anasubiri kengele. Nikamfungulia dirisha, mbu wakaingia, nikamvuta neti. Kulikuwa na manyunyu. Nikaendelea kugawa dawa.

Zilipolia nilikuwa vitanda vitatu kutoka kwake. Alinyoosha mkono mmoja juu ya neti, ule usio na dripu, akaushikilia hapo hapo hewani mpaka zikanyamaza. Mgonjwa wa kitanda cha pili, Mpentekoste, akasema "Amefufuka." Na wa kitanda cha tatu akaitikia, "Kweli amefufuka." Hata sijui huyo alikuwa wa wapi.

Mwanakwaya Majengo

Nesi, Mungu akubariki. Mama Kibosho, swali moja, kama siyo la kuingilia: yale masale bado yapo?

Mama Kibosho

Yapo, mpendwa. Nilikuwa nyumbani juzi. Mvua zimewahi, yamechipua vizuri. Baba mdogo miguu inamsumbua siku hizi, anatembelea mkongojo, lakini kuyapogoa haachi, upande wake na upande wetu. Mama anampelekea chai hapo hapo mpakani.