Nina kifafa, nilishika mimba nikiwa na kijiti mkononi. Sasa nichague njia gani?

Mama wa Ghafla

Habari zenu wapendwa, niende moja kwa moja manake nimeandika nikafuta mara tatu. Nina miaka 29, nina kifafa tangu nikiwa na 13, natumia dawa ya kabamazepini, miligramu 400 asubuhi na 400 usiku na kwa kweli imenituliza, sijaanguka zaidi ya miaka miwili saivi. Kilichobaki ni kwamba siku mbili tatu kabla ya hedhi huwa naganda kidogo, nakodolea ukuta, watu wananiita sisikii, afu inapita naendelea na kazi zangu.

Nina watoto wawili, mkubwa ana miaka mitano, mdogo ana miezi 14 na huyu mdogo ndo stori yenyewe. Nilimpata nikiwa na kijiti cha uzazi wa mpango. Na sio kijiti kilichoisha muda, kilikuwa cha miaka mitatu na nilikuwa nacho mwaka na miezi minne tu. Siku ile nimekaa ukingoni mwa kitanda, kipimo kina mistari miwili, mkono mmoja unapapasa mwingine kwa ndani juu ya kiwiko, na kijiti nakisikia kabisa kipo, kinateleza chini ya ngozi kama njiti ya kiberiti, nikawa nakiuliza sasa we humo unafanya kazi gani.

Nilikoweka wakaniambia eti labda niliwekewa nikiwa na mimba tayari. Mwaka na miezi minne jamani, mi ni tembo? Wakakitoa, wakaandika kwenye kadi, basi. Ni juzi tu kwenye kliniki ya kifafa, daktari mmoja kijana ananiandikia dawa akasema kama anajisemea "hii kabamazepini inakula homoni za uzazi wa mpango, unajua eh?" SIJUI! Nani angeniambia? Faili la kifafa liko chumba kimoja, kadi ya uzazi wa mpango iko chumba kingine, na miaka yote hiyo hivyo viwili havijawahi kusalimiana.

Sasa mume wangu anasema nichome sindano tuishie hapo. Mi naogopa mifupa, nilisikia inailegeza. Kitanzi nakiogopa kuliko hata sindano. Vidonge sitaki, nimeshachoka kumeza vidonge maisha yangu. Na mtoto wa tatu natamani, ila sio sasa, labda baada ya miaka minne. Mwenye kifafa anayetumia njia yoyote anisaidie, hata kama mambo yalikuharibikia niambie tu.

Kobe Mjanja

Kondomu tu dada, hamna haja ya kuumiza kichwa.

Mama wa Ghafla

Kaka asante, ila tuko kwenye ndoa ya miaka saba na huyo bwana mwenyewe nakujulisha tu kwamba zinapasuka, zinasahaulika, na siku nyingine "leo tu". Nataka kitu ambacho hakimsubiri mtu akumbuke.

Tulizo

Mi ningekushauri punguza hiyo dawa, badala ya mara mbili unywe mara moja kwa siku, hapo homoni zitakaa mwilini. Jirani yangu alifanya hivyo.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Tulizo samahani lakini huo ushauri ufutwe. Mama wa Ghafla USITHUBUTU kugusa dozi yako. Mtu mwenye kifafa akipunguza dawa kienyeji anaweza kuanguka mfululizo asizinduke katikati, na hilo linaua. Na hata ukipunguza, bado inavunja homoni, hutapata faida yoyote. Hata ukiiacha kabisa kwa mpango wa daktari, ini linahitaji kama wiki nne ndo litulie.

Sasa nikueleze kilichotokea maana hukukosea chochote mdogo wangu. Kabamazepini inaliamsha ini. Linakuwa kama mfagizi aliyeongezewa mshahara, kila kinachopita anafagia, na homoni za uzazi wa mpango nazo anazifagia. Kijiti kinatoa homoni kidogo kidogo kila siku, kwa hiyo inayobaki kwenye damu haitoshi kuzuia yai. Dawa nyingine za kifafa zenye tabia hii ni fenitoini, fenobabitali, primidoni, okskabazepini, na topirameti ikiwa dozi kubwa. Hata dawa ya kifua kikuu ile rifampisini na baadhi ya dawa za virusi vya UKIMWI kama efavirenzi, wanaozitumia nao wasome hapa.

Utauliza mbona waliniwekea. Shirika la Afya Duniani lina chati ya madaraja manne, la kwanza tumia bila wasiwasi, la nne usitumie kabisa. Kwa anayekunywa dawa hizi, vidonge vya majira viko daraja la tatu, yaani kwa kawaida tafuta njia nyingine. Kijiti kiko la pili, kinaruhusiwa ila nguvu yake inaweza kupungua. Kwa hiyo aliyekuwekea hakuvunja sheria, ila hiyo "inaweza kupungua" ulitakiwa uambiwe kabla ya sindano ya ganzi, sio baada ya mistari miwili.

Zinazobaki ni tatu na zote kwako ziko daraja la kwanza. Sindano ya miezi mitatu, inaingia dozi kubwa kwa mkupuo hata mfagizi wako hawezi kuimaliza. Kitanzi cha homoni, kinafanya kazi pale pale kwenye mfuko wa uzazi, hakitegemei damu. Na kitanzi cha kopa, yaani madini ya shaba, ambacho hakina homoni kabisa, kwa hiyo ini halina cha kufagia.

Mama wa Ghafla

Nesi hujui umenipa nini. Miaka miwili nilikuwa nadhani mwili wangu ndo una kasoro.

Sasa mifupa ni kweli au maneno ya mtaani?

Nesi wa Zamu ya Usiku

Ni kweli kiasi. Sindano inapunguza uzito wa mfupa wakati unaitumia na kwa wengi hurudi ukiacha. Kwa mtu mwingine nisingelikazania hilo. Kwako nalitaja kwa sababu kabamazepini ya miaka mingi nayo inachezea vitamini D na mifupa, na mtu wa kifafa akianguka anaanguka kweli, hajikingi na mikono. Sio kwamba umekatazwa, ila ongea na daktari. Jambo la pili, ukiacha sindano uzazi unachelewa kurudi, wengine miezi tisa, kumi, hata mwaka, na we una hesabu zako za miaka minne.

Upande wa uzuri, kuna wanawake ambao kifafa chao kinafuata hedhi na sindano imewatuliza. Wengine haikubadilisha kitu, sikuahidi.

Na hilo la kuganda ukikodolea ukuta, dada, hicho ni kifafa pia. Usikihesabu kama kimetulia. Mwambie daktari wako, na safari ijayo mtu akurekodi kwa simu, video moja inamsaidia daktari kuliko maelezo ya nusu saa.

Sauti ya Chini

Nami nina kifafa ila natumia dawa nyingine, lamotrijini, na kwangu mambo yalikuwa kinyume kabisa, ngoja nieleze maana wenye lamotrijini wanaweza kusoma hapo juu wakadhani haliwahusu. Dawa yangu haili homoni sana, ni homoni ndo zilikula dawa yangu. Nilianza vidonge vya majira vya kawaida, vile vyenye estrojeni, sikuambia mtu wa kifafa, ndani ya wiki chache nikaanza kuanguka tena bafuni, kumbe estrojeni inashusha lamotrijini kwenye damu inaweza kufika nusu. Na ile wiki ya vidonge visivyo na dawa lamotrijini inapanda ghafla, nikawa naona vitu viwili viwili na kizunguzungu. Mwezi mzima ni kupanda na kushuka. Saivi niko kwenye kitanzi cha homoni mwaka wa tatu, hedhi yangu imekuwa matone tu na sijaanguka.

Bi Mkubwa wa Jiko

Kitanzi? Mwanangu kitanzi kinapanda mpaka moyoni, shangazi yangu alishaona mtu.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Mama yangu shikamoo. Mfuko wa uzazi ni kama chupa, hauna njia ya kwenda moyoni. Hatari zake halisi ni nyingine: kinaweza kutoka chenyewe, kama kwa mmoja kati ya ishirini, hasa mwaka wa kwanza, na mara chache sana kinaweza kutoboa ukuta wa mfuko wakati wa kuwekwa. Ndo maana kina uzi, ili mtu ajipapase ajue kipo.

Bi Mkubwa wa Jiko

Marahaba. Basi huyo shangazi alituongopea miaka thelathini.

Shujaa wa Selimundu

Jamani naomba kudandia uzi, mi nina selimundu na presha iko sawa. Kuna anayejua? Kila nikiuliza wananiambia "chagua unayopenda" kama vile niko dukani nachagua kitambaa.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Kwa selimundu zile za homoni moja, yaani sindano, kijiti, kitanzi cha homoni, hazina shida, na sindano kuna wanaopata maumivu machache wakiitumia. Kopa inaweza kuongeza damu ya hedhi na we damu yako ni ya kuhesabu, kwa hiyo isiwe ya kwanza kwenye orodha yako. Estrojeni ndo ya kuulizia sana kwa sababu ya damu kuganda. Na kwa kuwa umetaja presha, yeyote mwenye 160 kwa 100 kwenda juu, au kipandauso kile kinachoanza na kuona vimulimuli, au lupasi (ule ugonjwa wa kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe) yenye kingamwili za kugandisha damu, vidonge vya estrojeni kwake ni daraja la nne. Usikubali kupewa bila kupimwa presha.

Mume wa Mgonjwa

Mi mwanaume, nitasema kidogo. Mke wangu ana ugonjwa wa moyo, baada ya mtoto wa pili tuliambiwa mimba nyingine inaweza kuondoka naye. Tukawa tunajadili njia gani AVUMILIE, hii ina damu, hii haifai na dawa zake, hadi siku moja akaniuliza, we mbona mzima na humo kwenye orodha haupo? Nilinyamaza siku nne. Nikaenda nikafunga mimi. Ganzi ya sehemu tu, nilirudi nyumbani kwa miguu yangu japo natembea kama bata. Ila wanaume mjue hufungi leo ukaanza leo, ni kusubiri miezi mitatu na kondomu halafu unapimwa kama mbegu zimeisha. Na hapana, nguvu hazikupungua, msinitumie meseji pembeni kuuliza.

Mama wa Ghafla kwako haifai kwa kuwa unataka wa tatu, ila nimeandika kwa ajili ya shemeji na wenzake.

Kobe Mjanja

Heshima yako mkuu. Siku nne za kunyamaza nimezielewa.

Kimyakimya

Mi niko kwenye valproeti, dawa nyingine ya kifafa, haivunji homoni, kwa hiyo njia nyingi zinanifaa. Ila msiidharau, hiyo dawa ukishika mimba nayo mtoto anaweza kuzaliwa na kasoro ya uti wa mgongo au akachelewa kiakili, kwangu kukosea njia sio tu kupata mtoto bila mpango. Mabinti mnaoitumia ulizeni kabla, na msiiache ghafla mkishajua mna mimba, kimbieni kwa daktari.

Mama wa Ghafla

Nimerudi, ni wiki ya tatu sasa. Safari hii nilibeba paketi ya kabamazepini nikaiweka mezani chumba cha uzazi wa mpango kabla hata sijakaa. Dada wa pale akaisoma, akafungua droo akatoa ile chati, akapitisha kidole, akasema "mh, kweli." Tukaongea nusu saa. Nimeweka kitanzi cha kopa. Damu yangu ilipimwa iko vizuri, na akasema nikitaka mtoto siku yoyote kinatolewa, nisipotaka kinakaa hata miaka kumi.

Nesi ulinitumia ujumbe nisiende na njaa, ninywe dawa yangu kama kawaida na niwaambie kabla kwamba nina kifafa kwa sababu pale mlango wa kizazi unapoguswa mtu anaweza kuzimia au kuanguka. Nikawaambia, akaitwa mwenzake akakaa kichwani kwangu kanishika bega. Akaniambia nikohoe, nikakohoa, yakaja maumivu kama ya hedhi nzima yamebanwa kwenye dakika moja, nikatukana kidogo, kikawa kimeingia. Hedhi ya kwanza imekuwa nzito kweli, siku saba badala ya nne, wamesema miezi mitatu hadi sita itatulia. Nitaona.

Sauti ya Chini

Hongera shosti. Na ile ya kuganda umemwambia daktari?

Mama wa Ghafla

Tarehe yangu ni wiki ijayo. Mume wangu alinirekodi Jumapili, sekunde 40. Mtoto anaonekana ananivuta kitambaa anasema mama, mama, na mi naangalia ukuta. Nimeitazama mara moja tu nikampa simu yake.